Upekuzi Usivunje Utu wa Abiria

Barabara kuu itokayo Chalinze hupita Mkata, Kabuku na Segera wilayani Handeni, kisha huingia Korogwe. Wasafiri huitegemea kwa riziki zao, na wafanya magendo nao huitumia. Kwa hiyo hakuna raia mwema awezaye kupinga mabasi kusimamishwa na kupekuliwa.

Hata hivyo, upekuzi una mipaka. Katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, sheria maalumu ilimnyima mshtakiwa hata wakili. Mwaka uliofuata, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, na Ibara ya 16 inalinda nafsi na maisha binafsi ya kila mtu.

Nayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka askari awe na sababu ya kushuku. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Na kitu kikichukuliwa, stakabadhi itolewe.

Askari akimwaga kanga za mama mbele ya abiria wote bila kumweleza sababu, mama huyo hatakuwa tayari tena kumtaja mlanguzi anayemjua. Ni wajibu wa viongozi wa polisi kuhakikisha kwamba sheria hiyo inafuatwa barabarani.