Kutu Haifichwi kwa Rangi

Hapa Michigan, kila Jumamosi wenzangu wenye pikapu hukutana gerejini kuilaumu baridi. Uongo mtupu! Theluji peke yake haili chuma kwa kasi ile. Mlaji ni chumvi imwagwayo barabarani kuyeyusha barafu, ambayo kule Detroit huchimbwa chini ya mji wenyewe. Basi osheni uvungu wa gari, jamani! Hawaoshi. Hubandika puti, hupaka rangi nyeusi juu ya chesi iliyooza, kisha huuza. Mimi niliuziwa moja. Bomba la breki, lililoliwa chini ya rangi hiyo hiyo, lilipasuka nikiwa na wanangu ndani. Na yule bwana bado hunisalimu kwa kicheko, huniuliza gari laendaje.