Kisukari kibadilishe chungu cha nyumba nzima

Mtu akirudi kutoka kliniki na majibu ya kisukari, nyumbani mara nyingi hutengewa chakula chake: uji wa ulezi, dona na mchicha, huku wengine wakiendelea na chapati, soda na chai iliyokolea sukari. Utaratibu huo, kwa maoni yetu, ni kosa.

Dona na ulezi navyo ni wanga; vikiliwa bila kipimo hupandisha sukari mwilini. Kinachosaidia ni mpangilio wa sahani: nusu mboga, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au kuku. Mlo huo unamfaa kila mtu mezani, hasa ndugu na watoto wa mgonjwa, kwa kuwa kisukari cha aina ya pili huelekea kurithiwa katika ukoo.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwa kasi nusu saa, siku tano, kunatimiza kiwango hicho. Anayetumia dawa asiziache kwa ahadi za wauza mitishamba, na kabla ya kufunga Ramadhani au Kwaresima amwone daktari.

Zahanati nazo zitoe ushauri wa lishe unaotaja vyakula vya soko la jirani, si orodha ya makatazo tu. Familia zisisubiri: zipunguze sukari kwenye birika la wote kuanzia leo.