Kifaa Kizima, Mwanafunzi Asiyekijua

Nchi inayotaka viwanda haina budi kuwaruhusu wanafunzi wake washike vifaa. Hata hivyo, si jambo geni katika vyuo vyetu kukuta jenereta ya mawimbi, yaani kifaa kinachozalisha mawimbi ya umeme kwa ajili ya majaribio, imefungiwa kabatini huku mwanafunzi akiichora daftarini. Mhadhiri huonyesha, wanafunzi huchungulia, na mtihani hufanywa kwa kalamu. Wakati wa ukaguzi wa mali kifaa huhesabiwa, huandikwa kuwa ni kizima, kisha kabati hufungwa tena.

Kukieleza kifaa hiki ni rahisi. Unachagua umbo la wimbi: sini, mraba au pembetatu. Unaweka masafa, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, kisha ukubwa wa wimbi kwa volti. Wimbi hilo hupelekwa kwenye saketi, na osiloskopu huonyesha saketi imelifanyia nini. Hivyo ndivyo fundi anavyobaini kikuza sauti kinachopotosha sauti.

Ugumu huanza mkono unapogusa vitufe. Mwanafunzi ameweka volti 1, osiloskopu inasoma volti 2. Ni kipi kibovu? Hakuna. Jenereta nyingi za maabara zina ukinzani wa ndani wa omu 50, na kioo huonyesha volti kwa kudhani kwamba mzigo ulio nje nao ni omu 50, hivyo nusu ya volti hubaki ndani. Osiloskopu yenye ukinzani wa omu milioni 1 haivuti umeme wa maana. Karibu volti zote 2 huifikia. Dawa ni kubadili mpangilio wa mzigo kwenye menyu. Asiyelijua hili atakitangaza kifaa kizima kuwa kibovu, au, vibaya zaidi, ataiamini namba ya kwenye kioo na kuipa saketi volti maradufu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wanaolinda kabati hujitetea kwamba wanafunzi wataharibu. Hoja hiyo ina uzito, maana fedha za ukarabati ni haba. Lakini jenereta nyingi za aina hii zimeundwa kuhimili nyaya zake zikigusana kwa bahati mbaya. Hatari kubwa ni kuingiziwa umeme wa nje kupitia tundu la kutolea wimbi. Kanuni hiyo hufundishika kwa dakika tano. Vivyo hivyo kanuni ya kibanio cheusi cha osiloskopu, ambacho kwa kawaida kimeungana na waya wa ardhi na hakipachikwi popote tu.

Tukumbuke pia kwamba kampuni ya Hewlett-Packard, iliyoanzishwa mwaka 1939 huko Palo Alto, Marekani, ilianza na kifaa cha ukoo huu. Bill Hewlett alikibuni akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, akitumia balbu ndogo ya taa kulituliza wimbi. Balbu ilipopata joto, ukinzani wake uliongezeka na kulizuia wimbi lisikue kupita kiasi. Wazo kama hilo humjia mtu aliyezoea kushika nyaya.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosimamia elimu waache kuuliza tu, "Vifaa vingapi vipo?" Waulize kila mwanafunzi amekitumia kwa saa ngapi. Bajeti ya kifaa ibebe nyaya, vipuri na mafunzo ya fundi sanifu wa maabara. Mtihani wa vitendo umkute mwanafunzi peke yake mbele ya jenereta, aeleze kwa nini 1 imekuwa 2. Nanyi wanafunzi, dai lenu la kwanza liwe ufunguo wa kabati. Mashine za hospitali na mitambo ya redio ya nchi hii inawasubiri ninyi, na haitatengenezwa kwa michoro ya daftarini.