Tupangishe Msalato kwa masharti tunayoyakubali ughaibuni

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan aweke jiwe la msingi la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Msalato, Oktoba 2022, macho ya wenye fedha yameelekea kaskazini mwa Dodoma. Uwanja huo uko takriban kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya Arusha, na njia yake ya kuruka na kutua ndege ina urefu wa kilomita 3.6. Baadhi ya viwanja na apatimenti zinazojengwa Msalato, Veyula na Miyuji ni mali ya wanajumuiya wenzetu wa ughaibuni. Kujenga nyumbani ni jambo la kheri. Lakini jarida hili lina msimamo mmoja: anayeishi ughaibuni kama mpangaji anayelindwa asimpangishe Mtanzania mwenzake kwa masharti ambayo yeye mwenyewe angeyakataa.

Nguvu ya mwenye nyumba wa Dodoma inatokana na idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika manispaa; ile ya 2022 ilikuta 765,179 katika jiji. Katikati ya sensa hizo mbili, mwaka 2016, Serikali iliamua kuhamia Makao Makuu kwa vitendo, na wizara zikafuata hadi Mtumba. Mtumishi anayehamishiwa huko, au fundi anayekuja kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege, hukutana na sharti lililozoeleka: kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Tuseme apatimenti ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 1,800,000, na ukiongeza ya dalali inafika 2,100,000, kabla hajanunua hata godoro. Mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi ilhali kodi inadaiwa ya nusu mwaka, kwa hiyo wengi huanza maisha Dodoma wakiwa na deni.

Linganisha na tunakoishi. Uingereza, dhamana ya mpangaji imelazimika kulindwa kupitia mpango unaotambuliwa kisheria tangu Aprili 2007, na tangu Juni 2019 wakala haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kumtafutia nyumba. Ujerumani, tangu 2015, aliyemwita dalali ndiye anayemlipa. Hata jirani yetu Uganda ilitunga sheria mwaka 2022 inayotaka mikataba ya pango ya kuanzia shilingi 500,000 za nchi hiyo iwe ya maandishi. Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi ni maelewano ya watu wawili ambao nguvu zao hazilingani.

Pengo hilo la nguvu linaonekana hata kwenye umeme. Kodi ya jengo ni wajibu wa mwenye nyumba, lakini hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Mpangaji akinunua umeme wa 5,000, sehemu ya fedha yake imeshalipa deni la mtu mwingine. Wenye nyumba waungwana humrudishia au huipunguza kwenye kodi. Wengine hawaigusi kabisa hoja hiyo. Kwa mwaka ni 18,000, fedha ndogo kwa aliyeko London, lakini si yake kuiacha kwa mpangaji.

Wapo watakaosema kwamba aliye mbali hana kinga nyingine dhidi ya mpangaji anayetoroka na deni ila kuchukua ya mwaka mzima. Hofu hiyo ni ya kweli, ila kinga yake ipo: dhamana ya mwezi mmoja, mdhamini anayejulikana, mkataba ulioandikwa na malipo ya kila mwezi kwa simu yanayoacha kumbukumbu. Wengine watasema kodi ya mwaka ndiyo inayomalizia ujenzi. Basi huo ni mkopo kutoka kwa mpangaji, na mkopo una gharama. Apewe punguzo linaloeleweka. Hoja ya tatu ni kwamba soko ndilo linaloamua. Soko hilo hilo litabadilika: Shirika la Nyumba limejenga Iyumbu, Watumishi Housing imejenga Njedengwa, na apatimenti za watu binafsi zinaongezeka kila msimu. Nyumba zikiwa nyingi, mpangaji atachagua, na atakayebaki na wapangaji ni aliyewatendea haki walipokuwa hawana pa kwenda.

Kwa hiyo tunaitaka kamati ya jumuiya iandae mkataba mmoja wa Kiswahili kwa wanachama wote wenye nyumba Dodoma, wenye vipengele vinne: kodi isidaiwe zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo; dalali alipwe na aliyemtuma; kodi ya jengo irudi kwa mwenye jengo; na katika jiji hili la mvua chache, hakuna apatimenti itakayopangishwa bila simtanki ya kutosha siku ambazo bomba limekauka. Mkataba huo ujadiliwe na kupigiwa kura katika mkutano mkuu ujao. Sheria ya nchi inaweza kuchelewa. Sisi hatuna sababu ya kuisubiri.