Usimwambie Alale, Msikize

Wasee, acheni kusema "The Yellow Wallpaper" ni hadithi ya mwanamke kichaa. Mwaka 1887, Marekani, Charlotte Perkins Gilman alikuwa na huzuni nzito iliyomwanza baada ya kujifungua. Daktari Weir Mitchell akamlaza kitandani, kisha akamrudisha nyumbani na amri: asiguse kalamu tena maisha yake yote. Karibu arukwe na akili. Akaasi, akaandika. Hadithi ilitoka 1892: mume daktari ndiye anajua kila kitu, mke anaandika kwa kujificha. Huzuni ilimgonjesha, kunyamazishwa kukammaliza.

Nilipoacha chuo, nami niliambiwa, "Lala tu, itapita." Hakuna aliyeniuliza nini kinaniuma. Buda, dem akikwambia hayuko sawa, usimpe amri. Nyamaza wewe, umsikize.