Maarifa ya Biashara: Samani za Zamani na Rangi Mpya

Juma hili tutazungumza juu ya biashara ambayo wengi wameianza na wachache wamedumu nayo, yaani kununua samani zilizokwisha kutumika, kuzitengeneza, kuzitia rangi na kuziuza tena. Ni biashara njema kwa mtu mwenye mtaji mdogo. Haihitaji duka wala mashine kubwa. Yatosha kuwa na kibaraza kisichonyeshewa mvua, msumeno, nyundo, patasi, bisibisi na mikono isiyoona haya kuchafuka. Karani aweza kuifanya siku ya Jumamosi, na mkulima katika miezi ambayo shamba halina kazi nyingi.

Lakini wengi huingia katika biashara hii wakidhani kwamba faida yake imo katika mkebe wa rangi. Mtu huona kiti kimechakaa, hukipaka rangi nyeupe ya kung'aa, kisha hungoja fedha. Sivyo ilivyo. Faida ya kazi hii hupatikana katika kununua kwa busara, na katika kazi ifanywayo kabla brashi haijachovywa. Rangi huja mwisho, nayo kazi yake ni kuhifadhi na kupamba kitu kizima, si kuficha kitu kibovu.

MAHALI PA KUNUNUA

Samani hupatikana kwa bei nafuu kwa mtu anayehama. Mwalimu, askari au karani apatapo barua ya uhamisho kutoka Kisumu kwenda Garissa, nauli ya gari la kuchukulia kabati lake yaweza kupita thamani ya kabati lenyewe. Vile vile mwezi wa Januari, karo za shule zinapodaiwa, wengi huuza vitu vya nyumbani. Katika siku kama hizo mnunuzi mwenye fedha taslimu husikilizwa upesi. Hata hivyo, muungwana haitumii dhiki ya mwenziwe ili kumnyang'anya. Toa bei ambayo, mkikutana tena njiani, hutageuza uso.

Mahali pengine ni minadani. Ofisi za umma huondoa viti, meza na makabati yasiyohitajiwa tena, na sheria ya mwaka 2015 inayohusu ununuzi na uuzaji wa mali ya umma yataja njia za kufanya hivyo, zikiwamo mnada wa hadhara na zabuni ya wazi. Watumishi wa Serikali wasomao ukurasa huu na waangalie jambo moja. Sheria hiyo hairuhusu mali ya ofisi iuzwe kwa mtumishi wa ofisi hiyo hiyo, isipokuwa pale kanuni zinapokubali waziwazi. Basi kile kiti kilichovunjika mguu, kilichotupwa nyuma ya stoo, hakiwi chako kwa sababu umekikalia miaka sita.

Ununuapo, dai stakabadhi. Ikiwa muuzaji ni mtu wa nyumbani asiye na kitabu cha stakabadhi, andikeni karatasi yenye jina lake, namba ya kitambulisho chake, kitu kilichouzwa, bei, tarehe na sahihi zenu wawili. Wako watu wanaoona haya kumdai jirani karatasi. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, yasema kwamba mtu apokeaye mali ya wizi, hali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, aweza kufungwa hadi miaka 14. Kabati liletwalo usiku na kuuzwa kwa robo ya bei ni sababu tosha ya kuuliza maswali. Wazee walisema, rahisi ghali.

IJUE MBAO KABLA YA BEI

Usinunue meza kwa kuitazama juu tu. Ipindue. Upande wa chini, ambao haukupakwa vanishi, ndio usemao kweli. Hapo utaona kama ni mbao halisi au ni ubao uliotengenezwa kwa maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Ubao wa maranda ukiingiwa na maji huvimba na kumomonyoka, wala haushiki skrubu tena. Hauna dawa, na rangi yako itakuwa imetupwa.

Mbao halisi nazo hazilingani. Mvule ni mzito, na mchwa hauupendi. Muuru, mti uotao pande za Mlima Kenya, una mistari mizuri ambayo ni hasara kuifunika. Saiprasi na mgrivelea ni mbao nyepesi za bei ndogo, nazo hupendeza zikipakwa rangi. Kwa hiyo mwenye akili hapaki kila kitu. Meza ya mvule isuguliwe mpaka vanishi ya zamani itoke, kisha ipakwe mafuta ya mbao au vanishi mpya. Stuli ya saiprasi ndiyo ipakwe rangi ya buluu au ya kijani. Mtu apakaye mvule rangi nyeupe ameharibu kwa mkebe mmoja kile ambacho mti ulikikuza kwa miaka mingi.

Hapa nawaambia hasa ndugu zetu wakulima. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na amri hiyo ikaongezwa muda tena na tena. Bei ya mbao ilipanda, na samani za zamani za mbao ngumu zikazidi kutafutwa. Ile meza nyeusi ya babu iliyowekwa ghalani, ambayo kuku wanatagia juu yake, huenda ikawa na thamani kuliko seti mpya iliyopigwa misumari juzi. Akija mchuuzi kutoka mjini na kusema atakuondolea takataka hiyo kwa shilingi mia tano, mwombe kwanza akusaidie kuipindua.

Tazama pia wadudu. Ukiona vitundu vidogo, na chini yake unga mpya mweupe, jua kwamba mbao zinabunguliwa hata sasa. Kitu cha namna hiyo hutiwa dawa ya kuua wadudu wa mbao kabla hakijaingizwa nyumbani, ama huachwa. Kwa vitanda na viti vya vitambaa, chunguza maungo na mishono kwa tochi, kwa maana hapo ndipo kunguni hujificha. Kumuuzia mtu kitanda chenye kunguni ni kuipelekea nyumba yake dhiki ya miezi mingi, na rangi juu ya mbao haiwaui waliomo ndani ya nyufa.

KAZI ILIYO CHINI YA RANGI

Utaratibu ni huu. Kwanza kaza maungo. Kiti kinachotikisika kifunguliwe, gundi ya zamani ikwanguliwe, kitiwe gundi mpya na kufungwa kwa kamba mpaka kesho yake. Msumari uliopigwa kando ya kiungo kilicholegea hupasua mbao na hauzuii kutikisika. Pili, osha kitu chote kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya mikono na moshi wa jikoni, kisha kiache kikauke kabisa. Tatu, ziba nyufa kwa putii. Nne, sugua kwa msasa namba 120, na baadaye namba 220, ukifuata mistari ya mbao. Rangi haishiki juu ya vanishi inayong'aa. Ikipakwa hapo, baada ya miezi michache itababuka kwa ukucha wa mtoto.

Ndipo ipakwe rangi ya kwanza, ile ya kushika mbao. Mbao nyekundu kama mahogani hutoa maji ya kahawia yanayopenya rangi nyeupe na kuacha madoa, na kwa hiyo huzibwa kwanza kwa shelaki. Kisha paka rangi yenyewe mara mbili, nyembamba, badala ya mara moja kwa wingi. Rangi nene huteremka kama machozi na kukauka juu huku ndani ikiwa mbichi. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa usiku mmoja, lakini yahitaji siku kadhaa ili iwe ngumu. Wakati wa masika ongeza siku, na usikubali mnunuzi akuharakishe.

Kuna hatari moja ambayo haina budi kutajwa. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake likivutwa au kulambwa hudhuru mwili, na hudhuru watoto zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Basi kitu cha kale chenye rangi usichokijua asili yake kisisuguliwe kikavu, wala rangi yake isichomwe kwa moto. Lowesha kwa maji, sugua kikiwa kimelowa, funika pua na mdomo, futa takataka kwa kitambaa kilicholowa, na uoge kabla ya kumbeba mtoto. Kwa rangi mpya, nunua mkebe ulioandikwa kwamba hauna risasi. Hasa kwa kitanda cha mtoto mchanga usikisie, kwa maana mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda chake.

DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Natoa mfano wa hesabu; bei hubadilika kwa mahali na siku, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile. Tuseme umenunua meza ya kulia kwa shilingi 2,500 na kuiuza kwa 7,500. Asiye na daftari atasema amepata faida ya shilingi 5,000. Na tuandike: mkokoteni 300, msasa 150, gundi na skrubu 200, rangi ya kwanza 450, rangi ya juu lita moja 900, brashi na tapentaini 350. Pamoja na bei ya meza, gharama ni shilingi 4,850, na kilichobaki ni 2,650. Ulifanya kazi siku mbili. Ukijilipa shilingi 800 kwa siku, zimebaki 1,050. Mnunuzi alitaka umpelekee, ukalipa mkokoteni mwingine 300. Faida ya kweli ni shilingi 750.

Je, biashara haifai? Yafaa, ila hesabu yenyewe yatufundisha namna ya kuifanya. Lita moja ya rangi hutosha kupaka mita 10 hivi za mraba mara moja, na meza ya kawaida ikipakwa mara mbili haimalizi mkebe. Brashi nayo ikisafishwa hutumika tena. Mtu anunuaye meza na stuli mbili pamoja, akazipaka rangi moja na kuzipeleka kwa mkokoteni mmoja, hugawa gharama zile zile kwa vitu vitatu. Kumbuka pia leseni ya biashara ya kaunti ikiwa utauza kwa desturi, nayo iandikwe katika daftari kama gharama nyingine.

KUUZA

Siku hizi wengi huuza kwa kupiga picha na kuzipeleka kwa simu. Ni njia njema, kwa kuwa hupunguza safari. Lakini picha na ionyeshe kitu kilivyo. Ikiwa mguu mmoja umeungwa, sema umeungwa, na uonyeshe kiungo. Ikiwa mtoto wa meza hafungi vizuri, sema. Mnunuzi aliyeambiwa kasoro akanunua hana neno la kukulaumu. Aliyefichwa ataigundua siku ya tatu, na mtaa mzima utaijua siku ya nne.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye auzaye kiti kilichooza ndani na kung'aa nje hupata fedha mara moja, kisha hulazimika kutafuta mtaa mwingine. Auzaye kiti kilichokazwa maungo hurudiwa na mnunuzi yule yule akitaka meza, na mwaka ufuatao kabati la binti yake anayeolewa. Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kununua mkebe wa kwanza wa rangi, nunua daftari, na kabla ya kukitoa kiti chochote, kikalie wewe mwenyewe.