Dawa iliyokwama njiani

Wazazi wapenzi, nanyi wanafunzi mnaowauguza wadogo zenu, sote twajua kwamba dawa huponya. Lakini ni wachache wanaoifikiri njia ambayo kidonge hupitia kabla ya kufika tumboni. Njia hiyo huitwa umio. Ni mrija mwororo, wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima. Kidonge kikikwama humo, huyeyuka papo hapo na kuunguza nyama yake.

Tazameni jinsi yanavyotokea. Usiku umeingia, mgonjwa amelala mkekani. Mama amletea kidonge na maji kidogo kikombeni. Mgonjwa ainua kichwa, ameza, alala tena. Twamsifu mama huyo kwa huruma yake, lakini kidonge hakikushuka. Mtu aliyelala humeza mate mara chache sana, basi hakuna cha kukisukuma. Na kapsuli, yaani unga wa dawa uliofungwa katika ganda laini, ikilowa kidogo tu hunata kama gundi. Mara nyingi hukwama katikati ya kifua, pale mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni unapoubana umio.

Dawa ijulikanayo sana kwa jambo hili ni doksisiklini, ambayo wasafiri wengine huimeza kila siku ili kujikinga na malaria. Ikiyeyuka huwa kali kama siki. Aspirini, ibuprofeni na vidonge vya chuma wanavyopewa akina mama wajawazito vyaweza kudhuru vivyo hivyo.

Baada ya saa chache mgonjwa asikia moto nyuma ya mfupa wa kifua, na kila tonge la bukari lamwumiza. Hapo ndipo fitina huanza. Mmoja asema ni moyo. Mwingine asema amelishwa sumu, na jina la jirani latajwa. Jamaa wamekwisha kugawanyika kwa neno dogo kuliko hili! Kabla ya kumshuku mtu, mwulizeni mgonjwa: jana ulimeza nini, na kwa maji kiasi gani?

Mganga akiijua sababu, aweza kubadili dawa au kutoa ile ya maji, na kwa kawaida kidonda hupona kwa siku au majuma machache. Mgonjwa asiiache dawa kwa shauri lake peke yake.

Basi kidonge kimezwe mtu akiwa ameketi wima au amesimama, kwa glasi nzima ya maji, wala asilale kabla ya nusu saa kupita. Kwa doksisiklini, saa nzima. Wazee hukataa maji mengi kwa kuwa hawapendi kutoka nje usiku, nao wana haki. Wapewe dawa mapema jioni, ikiwa mganga hakuagiza saa nyingine.

Lakini mtu akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akikosa pumzi kwa maumivu ya kifua, au akishindwa kumeza hata mate, msingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja, na pakiti ya dawa ichukuliwe pamoja naye.